Tanga la Kichina Lililoshonwa Pande

Niliondoka Lindi kwa sababu ya mbao. Marehemu baba mkwe wangu, mkulima wa Kilangala, alimwachia binti yake mbao za mninga ziwe milango na paa la nyumba atakayoijenga. Binti huyo ndiye mke wangu, Mama Asha. Ilipotangazwa kwamba viwanda sasa vijitegemee, kiwanda chetu cha korosho kilijitegemea kwa kufunga milango, na mimi fundi mitambo nikarudi nyumbani na boksi la spana. Nikamwomba mke wangu zile mbao nijenge chombo cha kubebea mizigo. Nyumba, nikamwambia, italetwa na chombo. Akanipa. Miaka miwili nilikijenga uani, kikatoka chombo kizuri kweli, ila hakikuwa na tanga. Kisipotembea, basi nilikuwa nimeitafuna nyumba ya mke wangu nzima nzima, na mtaa wote ulilijua hilo.

Tanga nililichagua kitabuni. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja kufunga mitambo alituachia kitabu chenye michoro ya tanga la Kichina. Kitambaa kimegawanywa vipande, kila kipande kimeshikwa na ufito wa mwanzi, na upepo ukizidi unashusha kimoja kimoja, kinajikunja kama kirago. Mtu mmoja anatosha. Tanga letu la pwani linataka watu wa kuhamisha foromali, ule mti mrefu wa juu, kila chombo kinapogeuzwa, nami watu sikuwa nao. Nilikuwa na shemeji mmoja tu, Musa, mdogo wake Mama Asha, mvuvi mwenye mdomo usiopumzika. Kitabu kilikazia neno moja: tanga hilo lishonwe bapa, kama shuka. Mimi ni Mmakonde wa Newala, bahari niliiona nikiwa na ndevu tayari, lakini Kiingereza cha vitabu nakisoma. Nikajiona najua.

Siku ya kuondoka, boti la mashine lililokuwa likielekea Kilwa lilikubali kutukokota kwa kamba hadi Pande, ambako kulikuwa na fundi tanga aliyesifiwa. Ndani tulipakia mlingoti, mianzi, na robota la mahema chakavu ya Ulaya. Marekani, kile kitambaa cha pamba cha viwanda vyetu, ilikuwa imeadimika, lakini soko huria lilikuwa limetujalia mitumba, na mahema yangu yalikuwa na mistari ya kijani. Mama Asha alikuja pwani akasimama kwenye mchanga mkavu. Tangu nipige msumari wa kwanza hakuwahi kukigusa chombo kile, na siku hiyo pia hakukigusa. Alisema na mdogo wake, si na mimi.

"Musa, ukirudi uniambie ukweli."

Kutoka Lindi hadi Mchinga nilikuwa nahodha. Kutoka Mchinga hadi Pande nilikuwa mzigo, nimelala kifudifudi natapika, huku Musa akinisimulia mabaharia wakubwa aliowajua, ambao kwa bahati mbaya hakuna hata mmoja aliyewahi kutapika.

Pande tulifika jua limeanza kushuka. Fundi Bakari alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, akishona ndani ya ghala la ushirika lililobaki tupu baada ya ushirika wenyewe kufa. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, mkewe akatutandikia mkeka na kutuletea mihogo na samaki. Nikafungua kitabu. Bakari alitazama michoro kwa makini, akauliza swali moja tu, kama chombo hiki kitatakiwa kupiga bisha. Nikamweleza kupiga bisha ni nini: kwenda kombokombo hadi uupande upepo unaokutazama usoni. Nilimweleza hayo kijana aliyezaliwa Pande, babu yake fundi tanga. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Nikasisitiza bapa, akaitikia. Kila nilichosema aliitikia.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mgeni, na ugeni wa pwani ni kazi nzito. Kila nikilielekea ghala, mkeka ulitandikwa nje, chai ikaja, jirani akaja kunijulia hali, na jirani wa jirani. Haikunipitia kichwani kwamba nazuiwa. Niliona napendwa tu.

Siku ya nne asubuhi tanga lilitandazwa uwanjani. Kila kipande kilikuwa kipana kuliko nafasi yake kati ya ufito na ufito, kimelegea, kimefanya tumbo. Matumbo sita, yenye mistari ya kijani. Nilihisi damu inapanda.

"Bakari, nilisema bapa."

"Ndiyo mzee, ulisema."

"Na ukakubali."

"Ningekukataliaje usoni, wewe mgeni wangu, tena rika la baba yangu? Lakini chombo kitabeba watu, mzee. Tanga lisilo na tumbo halipandi upepo. Mianzi nimeiweka kama kitabu kinavyotaka. Tumbo nimelitia mimi."

Nikamwambia alifumue. Akasema hewala, atalifumua. Alasiri nikaambiwa sindano zimeazimwa na shangazi yake. Kesho yake nikaambiwa shangazi amesafiri nazo. Kwetu Newala mtu asiyetaka hukuambia sitaki, mkagombana, mkaendelea na maisha. Pale niligombana peke yangu siku mbili, watu wote wakinihurumia. Musa akasema yeye anarudi Lindi, na chombo au bila chombo. Nikapandisha tanga nisilolitaka.

Asubuhi ya kurudi, upepo ulikuwa matlai, unatoka mashariki, na mlango wa ghuba ya Pande unatazama hukohuko. Kutoka ilikuwa lazima tupige bisha kati ya mikoko na mwamba. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Bakari alisimama nyuma kabisa, mikono nyuma. Moyoni nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia tutakapokwama, na nakiri, kwa dakika chache nilitaka tukwame, pamoja na mbao zote za mke wangu.

Musa alishika usukani. Matumbo yakajaa, chombo kikainama, kikauma upepo na kwenda. Tulipogeuza, tanga lilihama lenyewe bila mtu kugusa foromali, kama kitabu kilivyoahidi. Mara ya tatu kugeuza, mikoko ya mwisho ilikuwa nyuma yetu. Nje upepo ukaongezeka, nikashusha vipande viwili, vikajikunja kama kirago. Nililia waziwazi. Musa alitazama pembeni kwa adabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake.

Kiswere tulilala. Kesho yake alasiri tukaingia Lindi, na watu wakajaa pwani kuyatazama yale matumbo. Mzee mmoja mwenye mashua akauliza nani kabuni kulishona tanga la fito namna ile. Nilifungua mdomo. Mama Asha alikuwa amesimama pale, na Musa alikuwa ananitazama.

"Ni fundi wa Pande," nikasema. "Mimi nilikataa. Nilitaka alifumue."

Watu walicheka sana, na Mama Asha akacheka nao. Nilichojifunza safari nzima ni hicho tu: kumbe nilikuwa naweza kulisema neno hilo na nisife. Kisha mke wangu akakunja kanga yake hadi magotini, akaingia majini, akapanda. Alitembea kutoka tezi, nyuma kabisa, hadi omo kule mbele, akipitisha kiganja juu ya mninga wa baba yake, ubao kwa ubao. Akakaa chini ya mlingoti. Nikajua nimesamehewa, nikaanza kutabasamu.

"Haya, Baba Asha," akasema. "Chombo nimekiona. Sasa nionyeshe nyumba."