Tuta la Ipagala

Chilongani alikuwa na mdomo, na tangu ajifunze kupima kwa mita, genge zima la vibarua halikupumua. Akiletewa ugali, ataupima urefu na upana kabla ya kunawa. Akimwona mbuzi, atakuambia anajaza vigari vingapi. Wenzake walimcheka, lakini walimtegemea, maana ndiye aliyekuwa mnyapara wao kwenye reli ya Wajerumani iliyokuwa ikisogea kuelekea Dodoma, na ndiye aliyewaapia kwamba mvua ya kwanza itawakuta mashambani.

Kazi yao ilikuwa kuziba korongo kwa tuta, hapo hapo Ipagala kwao. Mpimaji kutoka Kondoa, jina lake Zaidi, alikuwa amefunga kamba ng'ambo hadi ng'ambo. Udongo ukifika kwenye kamba, genge linaruhusiwa kwenda kupanda. Kabla ya hapo hakuna ruhusa, hata kama shamba lako unaliona kwa macho. Zipora, mke wa Chilongani, alikuwa na mtoto wao Loisi mgongoni na ghala lililobaki vumbi. Wasipopanda uwele mvua ya kwanza, watakula nini?

"Korongo lina urefu wa mita ishirini," Chilongani aliwaeleza wenzake, akichora chini kwa kijiti. "Kina, mita mbili. Tuta juu lina upana wa mita nne, chini nane, basi tushike sita ya katikati. Ishirini mara sita mara mbili ni mia mbili na arobaini. Kigari kinabeba nusu mita ya ujazo. Vigari mia nne na themanini, tunakwenda nyumbani!"

Na kweli, kigari cha mwisho kilipomwagwa, udongo uligusa kamba. Watu wakapiga mayowe ya furaha.

Ndipo ng'ombe wa Ipagala wakaja zao. Walikuwa na njia yao ya kwenda kisimani, na habari za Mjerumani hawakuwa nazo. Kundi zima likapanda tuta, likashuka upande wa pili. Lilipokwisha kupita, kamba ilikuwa inaelea hewani, udongo uko chini yake karibu mkono mzima.

"Tufukie hizo nyayo upesi," akasema Marko, mchimbaji. "Zaidi anaangalia kamba tu. Atajuaje?"

Chilongani alishikwa na aibu ya kweli. Yeye, Mgogo, aliyeezeka matembe, nyumba za paa la udongo, tangu ujana! Nani kwao asiyejua kwamba udongo ukichimbwa hufura, na ukimwagwa juu ya paa watu hupanda wakaukanyaga, ukaongezwa, ukakanyagwa tena? Alipima korongo, akapima kigari, akasahau miguu. Mita aliiona mambo ya Wazungu, tembe mambo ya nyumbani, na hakuwahi kuyakutanisha.

"Tukifukia nyayo tu, mvua italishusha tuta," alisema. "Askari watatutoa shambani na mbegu mkononi. Tukanyage, tuongeze vigari mia moja na ishirini. Nimekosea mimi."

Walimtukana vya kutosha. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Zipora alipomletea uji, Chilongani aliupokea bila kuupima, jambo ambalo Zipora hakulizoea.

"Baba Loisi," akamwambia, "ukiezeka tembe, huwa unaezeka peke yako?"

Kesho yake asubuhi wanawake wa Ipagala walifika na majembe, vikapu na mtungi wa pombe, kama siku ya kuezeka. Wenye ng'ombe wakawaleta kukanyaga, kwenda na kurudi, huku watu wakiimba nyuma yao. Hata Marko aliimba. Udongo ulipogusa kamba tena, Zaidi akatokea, akasimama akashangaa.

"Chilongani! Nani kaleta ng'ombe kwenye reli ya Kaizari?"

"Hao ni mafundi wangu, Bwana Zaidi."

Zaidi akacheka. Akalipiga tuta teke, likamuumiza kidole, akawaruhusu wote.

Mvua ilinyesha alasiri ile ile, kubwa, ya kuumiza mabega. Kila mtu alikimbilia shambani kwake. Chilongani peke yake alikimbilia tutani. Maji yalikuwa yakiteremka kwenye kingo zake. Akainama, akajaribu kupitisha kidole chini ya kamba. Hakikupita. Alilia pale, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, hakujali nani anamwona.

"Baba Loisi!" Zipora aliita kutoka shambani. "Unapima nini tena? Njoo, mashimo yanajaa maji!"

Akaiacha kamba, akaenda mbio kupanda.