Kiti cha Mbele ni cha Bibi Harusi

Mjini Arua watu walimjua Lukumani kwa sauti kabla ya sura. Datsun yake ya manjano ilikuwa na milango miwili, eksozi mbili na adabu kidogo, na ilipokuwa ikirudi kutoka Koboko, akina mama wa sokoni walifunika unga wao ingali mbali. Aliinunua Kampala mwaka 1974 kwa mmoja wa wale matajiri wapya walioitwa mafuta mingi, mtu aliyekuwa amegawiwa duka, nyumba na gari la Mhindi aliyefukuzwa. Duka alilimaliza mwenyewe bila msaada. Gari lilimshinda kwenye gia.

Lukumani aliuza spea. Mteja wake mkubwa alikuwa jeshi, ambalo katika miaka ile lilivunja magari kwa bidii iliyomtosha muuza spea kula na kusaza. Kila wiki alipeleka mzigo Koboko, na barabara ile ya udongo wa murramu, ambayo malori yaliipa nusu siku, yeye aliipa muda wa mtu kuoga na kuvaa. Sajini Laku, msimamizi wa kizuizi cha kuingilia Koboko, alizoea kuinua gogo akisikia eksozi tu.

"Lukumani, siku moja utaniuzia hii motokaa," Laku alipenda kusema, akilipapasa boneti kama shingo ya farasi.

"Siku nikifa, afande."

"Hiyo pia inaweza pangwa."

Wakacheka wote wawili, Lukumani akicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko mwenzake.

Kisha ukaja mwanzo wa 1979, na vita vya kule kusini. Redio ilisema kila siku kwamba adui amepigwa vibaya. Tatizo ni kwamba kila siku alipigwa katika mji ulio karibu zaidi na Kampala. Lukumani hakuwa msomi wa siasa, lakini mambo ya umbali aliyaelewa vizuri. Akina Lukumani, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, walikuwa wakihesabiwa na nchi nzima kuwa watu wa serikali hii, hata wale ambao serikali iliwafahamu kwa kuwakopa tu. Siku adui atakapofika Arua, hakuna atakayeuliza nani aliuza spea na nani alifyatua bunduki.

Nyumbani kulikuwa na mkewe Rehemah, watoto sita, na mama yake, Medina, aliyekuwa na magoti yasiyokunjika na ulimi uliokunjika upande wowote. Asubuhi moja Rehemah alitangaza kwamba leo ni siku ya kuosha Datsun. Akafunga geti ili majirani wasione, akawapanga watoto kwa majaribio kwenye kiti cha nyuma, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili wasio na miguu. Wakaingia wanne. Kisha akamwita Medina.

Medina aliingia nusu. Kiti cha mbele kilikataa kulala zaidi, magoti yakakataa kukunjika, na kwa muda fulani ikawa hawezi kwenda mbele wala kurudi. Walimtoa kama kochi linavyotolewa kwenye nyumba yenye mlango mwembamba.

"Niacheni hapa hapa," alisema akijipangusa. "Hao wakija wataniuliza nini mimi? Bei ya vitunguu?"

Rehemah hakumjibu. Alimtazama mumewe.

"Gari lako ni zuri sana kwa kukimbia," alisema. "Ukifika utatuandikia barua."

Lukumani hakulala vizuri siku kadhaa. Lililohitajika lilijulikana: gari refu, la kubeba watu tisa na vyombo vyao. Lakini mjini kulikuwa na watu wa miwani nyeusi, ambao kazi yao ilikuwa kutazama nani anaogopa. Karani mmoja alikuwa amenunua masanduku mawili ya nguo kwa wakati mmoja. Aliitwa kambini kueleza anasafiri kwenda wapi, na hakurudi kuyafungua. Kama masanduku mawili yalisema hayo yote, mtu anayejulikana kwa Datsun ya manjano akionekana ghafla na gari la familia atakuwa amepanda juu ya paa na kutangaza kwamba serikali inaanguka.

"Sema unaoa," alisema Rehemah.

"Naoa nani?"

"Mke wa pili. Yuko Koboko. Unahitaji gari la kubebea vyombo vya harusi. Nani atauliza? Watakupongeza, hao wapumbavu."

Lukumani alimtazama kama mtu aliyepewa zawadi akatafuta mtego wake.

"Na wewe?"

"Mimi nitakasirika," alisema Rehemah kwa utulivu.

Gari lilipatikana Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, kwa Mindra, Mlugbara mfanyabiashara wa muhogo na samaki wakavu. Lilikuwa Pijo 404 ya familia, ya kijivu, na harufu yake ilifika kabla ya salamu.

"Hii hapana jua kimbia," Mindra alisema kwa unyofu unaoumiza. "Lakini inabeba. Mwaka jana ilibeba ng'ombe."

"Ng'ombe mzima?"

"Alikuwa mzima akiingia."

Lukumani alikuja na dharau yake tayari, lakini dharau ilianza kumponyoka mlango baada ya mlango. Pijo ilikuwa na milango minne ya watu, na wa tano nyuma, mpana kama wa stoo. Viti vilikuwa safu tatu, na ya mwisho ikilazwa, mtu mzima angeweza kunyoosha miguu. Juu kulikuwa na keria ya chuma iliyobeba kila kitu Adumi ilichowahi kuuza. Akaketi kiti cha kati, akaweka magoti yake wima, bila kuyakunja, kama ya mama yake. Yakaenea. Kisha akaiendesha mpaka mtoni na kurudi. Pijo iliingia kwenye shimo bila haraka na kutoka bila kinyongo, kama mzee anayepokea matusi ya watoto. Aliporudi alikuta mikono yake haitetemeki, akakumbuka kwamba kwa miaka mitano ilikuwa ikitetemeka kila safari, na yeye akiita hiyo furaha.

"Na tukibadilishana, Datsun utaifanya nini?" aliuliza.

"Mimi iko taka injini tu. Naifunga kwa saruji, inazungusha kinu. Petroli inatoka Kongo."

"Utasaga muhogo na ile injini?"

"Na mtama," Mindra alisema, akidhani anamfariji.

"Na wewe mwenyewe? Mambo yakiharibika, gari huna."

"Kongo na jiko yangu iko jirani. Siku ikifika natoka kwa mlango ya nyuma."

Wakabadilishana funguo. Lukumani hakugeuka kutazama nyuma. Pijo haikuwa na kioo cha kutazamia.

Habari za harusi zilienea Arua kwa kasi ambayo Datsun isingeiweza. Wazee walimshika mkono msikitini. Vijana walimwuliza kama bibi harusi anapenda samaki wakavu. Rehemah alikasirika kama alivyoahidi, tena akapita ahadi: aliacha kusalimia watu, akavunja sahani mbele ya majirani, akamwambia mumewe barabarani maneno ambayo Lukumani alianza kushuku kwamba mengine yalikuwepo tangu zamani na yalikuwa yanangoja nafasi. Majirani, kwa huruma na kwa utamu wa mambo, wakaleta mikeka, vikapu na masufuria ya bibi harusi. Mchana kweupe, mbele ya miwani nyeusi, nyumba nzima ya Lukumani ilihamia kwenye Pijo huku mji ukiisaidia kupakia.

Rehemah alitoa sharti moja tu. Kiti cha mbele kisikaliwe.

"Ni cha bibi harusi," alisema. "Harusi isiyo na mahali pa bibi harusi, mtoto mdogo ataitilia shaka."

Akatandika mtandio mpya wenye nyuzi za dhahabu juu ya kiti hicho, naye akaketi nyuma na mama mkwe na watoto.

Waliondoka siku ya soko, saa ambayo kila mtu anaondoka kwenda mahali. Lukumani aliendesha kwa gia ya pili na ya tatu. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kando ya barabara ile kulikuwa na shule mbili. Baiskeli moja iliwapita, na mwenye baiskeli akageuka kumtazama dereva kwa huzuni.

Kwenye kizuizi cha Koboko gogo halikuinuliwa. Sajini Laku alisimama katikati ya barabara, akisikiliza sauti asiyoijua. Alipomwona Lukumani nyuma ya usukani, alisogea taratibu. Askari wake wawili wakaja nyuma yake.

"Shuka. Fungua nyuma."

Lukumani akafungua. Laku alitazama mikeka, masufuria, cherehani ya mkono, sanduku la Kurani. Akamtazama Medina. Akawatazama watoto, mmoja mmoja. Akamtazama Rehemah.

"Wanasema iko harusi."

"Iko, afande."

"Mimi nimeoa," alisema Laku. "Kaka yangu ameoa mara tatu. Sijaona mtu anabeba mke ya kwanza na mama na watoto na cherehani, napeleka kwa mke ya pili."

Askari mmoja aliishusha bunduki begani.

"Unashangaa, shemeji?" Rehemah alikuwa ameshateremka, mikono kiunoni. "Huyo wa Koboko anataka mume wa watu? Basi achukue na mzigo wake wote! Mama mkwe huyo hapo, magoti hayakunjiki, apandishwe kitandani na kushushwa. Watoto hao sita, wawili wanakojoa. Masufuria yameungua, nimeyaunguza mwenyewe. Nampelekea mpaka mlangoni, nakabidhi, narudi kwetu na kanga yangu moja. Tuone kama mapenzi yatafika Ijumaa!"

"Mimi nakula mara nne kwa siku," Medina aliongeza kutoka garini.

Askari walianza kucheka, mmoja akajishikiza kwenye gogo. Laku pia alitabasamu, lakini macho yake hayakushiriki.

"Nendeni mkague ile lori," aliwaambia. Walipofika mbali, akamsogelea Lukumani.

"Datsun iko wapi?"

"Adumi. Kwa Mindra."

"Inafanya nini?"

"Inasaga muhogo."

Laku alivua kofia. Aliishika kifuani, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa upande wa mama.

"Sasa ndiyo mimi najua," alisema polepole. "Mimi nilifikiri labda iko harusi kweli. Lakini mwenye ile motokaa hapana ibadilisha kwa sababu ya mwanamke. Nyinyi naenda Sudani. Hapana rudi."

Nyuma, hata watoto walikuwa wameacha kusukumana. Laku akaenda upande wa pili, akaweka kiganja juu ya mtandio wa dhahabu.

"Hii kiti ni ya nani?"

"Ya bibi harusi," alisema Rehemah, kwa sauti ndogo sasa.

"Bibi harusi iko?"

"Hayuko."

"Basi iko," alisema Laku. "Mke yangu, Paska. Nyumba ya pili nyuma ya stoo ya pamba, mlango ya bluu. Mimi nikimtoa, kesho wananiita kambini. Nyinyi mkimtoa, ni harusi." Aliomba kwa upole wa mtu mwenye bunduki, lakini mkono uliokuwa juu ya kiti haukuuachia mtandio.

Lukumani alitazama kiti, kisha mkono. "Ataenea," alisema. "Hili gari linabeba."

Gogo likainuka.

Paska alifungua mlango wa bluu akiwa na kitoto kichanga kifuani. Alimtazama Lukumani, akatazama gari, akanusa.

"Laku amesema nini?"

"Amesema uolewe," Rehemah alimjibu.

"Na nani?"

"Na huyu wangu. Mpaka mpakani tu, usijizoeshe."

Paska alirudi ndani. Alichukua fungu moja la nguo, Rehemah akamfunika yeye na mtoto kwa mtandio mpya, wakamweka kiti cha mbele. Kikamtosha sawasawa, kana kwamba kiliundwa kumngoja.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa Oraba, mkabala na Kaya ya Sudani. Askari mrefu asiyejulikana alizunguka gari mara mbili.

"Nasikia hii ni harusi ya Koboko. Mbona inatoka Koboko?"

"Mjomba wa bibi harusi iko Kaya," alisema Lukumani. Jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda wa suruali. "Hapana kubali mpaka aone bwana."

Askari akainama dirishani kumtazama bibi harusi. Paska aliinamisha kichwa, mwari kamili. Rehemah, kule nyuma, alimtazama mwanamke aliyekaa mbele pamoja na mume wake, akiwa amevaa mtandio wake, na uso wake ukafanya kazi yote bila kuambiwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo mtandio ukatikisika, ukatoa mkono mdogo, na ukaanza kulia.

Askari alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akamtazama Lukumani. Akamtazama Rehemah, na hapo uso wake ukajaa huruma.

"Naona mjomba amechelewa kujua," alisema, akaenda kuinua gogo.

Lukumani alikanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Pijo ilifikiri kidogo, kisha ikaondoka kwa mwendo wake wa siku zote, na watu tisa pamoja na bibi harusi na mwanawe wakaingia Sudani polepole mno, kila mmoja akingoja risasi mgongoni. Haikuja. Medina alikuwa wa kwanza kusema, na alichosema ni kwamba ana njaa.

Paska alianza kuvua mtandio. Rehemah akauzuia kwa nyuma. "Kaa nao. Mtoto ana baridi."

Laku alivuka mwezi wa tano, kwa miguu, bila bunduki na bila cheo. Hakupata shida kuwapata. Pijo ilikuwa ikibeba maji na wagonjwa, na kila mkimbizi pale Kaya aliijua kwa harufu. Alimkumbatia Paska, akambeba mtoto, akala alichopewa. Kisha akamvuta Lukumani pembeni, akamwuliza kama ni kweli Mindra aliifunga ile injini kwa saruji.

"Kweli."

"Zote mbili eksozi?"

"Moja aliitupa."

Laku akaketi chini, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Uganda, akalia.