Chini ya Upenu wa Mtakatifu Placi

Wageni wanaokuja kutazama makanisa ya bonde letu huanza kule chini, kwenye kanisa kubwa la dhahabu, kisha hupanda kwa miguu hadi kwetu, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Placi, wakihema. Wakifika hupiga hodi kwa Mengia Derungs, mtunza ufunguo. Yeye hutoka na aproni yake, akawafungulia, wakatazama picha za ukutani za shetani anayebeba wenye dhambi kapuni, wakasema loo, wakaondoka. Hawajui kwamba mvua ikinyesha mama huyu husimama nje, upande wa kaskazini, akitazama maji ya paa yakidondoka.

Sisi tunajua. Zamani mtoto aliyezaliwa hana pumzi hakubatizwa, na asiyebatizwa hakuzikwa makaburini. Padre wa enzi zile alikuwa hashauriki. Basi watu walimzika kimyakimya kando ya ukuta wa kanisa, chini ya upenu, ili maji yaliyopita juu ya paa takatifu yamdondokee, yamfanyie kile ambacho Padre alimnyima. Mtoto wa Mengia, wa kwanza na wa mwisho, alizaliwa hivyo majira ya baridi, theluji ikiwa imefika madirishani. Mumewe, Giachen, alitoka na kisanduku kwapani akarudi mikono mitupu. Alimwambia amemweka kaskazini, chini ya dirisha dogo. Mwanamke yuko kitandani anavuja damu, angefanya nini zaidi ya kuamini? Alipopata nguvu aliomba ufunguo wa kanisa, ili awe karibu naye.

Sasa fundi wa picha kutoka mjini akasema unyevu unaila ile picha ya shetani. Liwekwe gata la kukinga maji ya paa, na uchimbwe mtaro kuzunguka ukuta. Kwenye mkutano wa kijiji Mengia akasimama, yeye ambaye hakuwahi kufungua kinywa pale.

"Mkiweka gata, maji yataenda wapi?"

"Mtoni, mama, kama maji mengine," akajibu Luregn, mwenyekiti wetu, mtu mwenye ulimi wa kiwembe. "Kwani mwanao hajatosheka tu? Kama hajabatizika mpaka leo, huyo ni mkaidi, kamrithi baba yake."

Ukumbi ukacheka. Onna, mke wa mwokaji mikate, alicheka mpaka akajifuta machozi. Wanawake wa umri wake walicheka kuliko wanaume, na mimi nilijua kwa nini, nikachukia.

Padre wa sasa, kijana mpole, ndiye aliyemwokoa. "Mama, tukimpata nitamzika makaburini, na jina lake."

Jina. Mengia alirudi nyumbani anatembea upesi. Akachagua Clau, akashona kitambaa cha kumfungia, akanionyesha mshono mara tatu kama bibi harusi. Sikumbuki kumwona na furaha vile.

Siku ya kuchimba tulijaa pale kijiji kizima. Kandokando ya ukuta walitoka wengi, vijifupa vyembamba, huku viwili, kule vitatu, Padre akivipanga juu ya shuka. Walipofika chini ya dirisha dogo, sururu ikagonga jiwe. Wakasogea, jiwe. Pale ukuta umekaa juu ya mwamba mtupu.

"Hapa hata panya hazikiki, mama," akasema Luregn. Safari hii hakucheka mtu.

Mengia akavuka njia akaingia kwake. Mlango aliuacha wazi, tukasikia yote. Giachen alikuwa anakunywa supu ya shayiri.

"Mtoto ulimweka wapi?"

"Mtoto gani tena?"

"Giachen."

"Ardhi ilikuwa imeganda, mke wangu. Ningechimba na nini, kijiko? Nilimwachilia pale darajani."

"Ulimtupa mtoni."

"Maji si maji? Kapata mengi kuliko wote."

"Ukaniacha nisimame pale ukutani miaka yote."

"Ulikuwa ukirudi umetulia. Ningekwambia ili iweje? Nisogezee mkate."

Akamsogezea mkate. Nilisikia sahani ikiburuzwa mezani.

Alipotoka, kile kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Padre, ambaye masikio anayo kama sisi, akamwonea huruma. Akainama akamnong'oneza, "Mama Mengia, hawa hawana mwenyewe. Chagua mmoja, tumwite Clau. Mungu hatakasirika."

Mengia aliitazama shuka. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, akakomea kwa Onna.

"Wangu hayumo," akasema. "Wenu wamo. Njoo umchukue wako, Onna."

"Funga mdomo wako, Mengia."

"Padre yuko hapa. Atampa jina."

Onna aliangalia viatu vyake. Wengine waliangalia milima, kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona. Padre akangoja, akangoja, mpaka wachimbaji wakaanza kukusanya sururu zao. Mwishowe akazikunja pembe za shuka, akawabeba wote pamoja hadi makaburini, akawazika bila jina hata moja. Aliyemfuata ni Mengia peke yake.