Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Muhogo

Ndugu mnaotuandikia karatasi ya chakula bora, salaam. Mmetuomba wasomaji tuseme kama karatasi zenu zimetusaidia au hapana. Wenzangu wa darasa la watu wazima wamekwisha kujibu kwamba zimesaidia sana, asante sana. Jibu langu mimi ni refu na mwanzo wake si mzuri. Karatasi yenu ya muhogo nusura initie kaburini pamoja na mwanangu. Nasema hili mapema ili msidhani nimeshika kalamu kuwasifu.

Naitwa Veronika, mke wa Yohana. Kabla ya siku ile sikuwa nimelala zahanati hata mara moja. Nilizaa nyumbani, nikalima, nikachota maji mbali, na nikitwanga kinuni majirani walijua ni mimi. Mdomo wangu nao una nguvu, hilo halifichiki. Nimezaa watoto watatu. Wawili walitangulia kabla hawajaota meno. Aliyebaki ni Monika, ana miaka minne.

Tulipohamia hapa kijiji cha ujamaa, mwaka wa kwanza mvua ilikuja vizuri. Mwaka wa pili ikakataa. Uwele ulikauka ukiwa mdogo, mtama nao vivyo hivyo. Kilichobaki kijani ni shamba la muhogo la kijiji. Sasa sisi Wanyaturu ni watu wa uwele na mtama. Muhogo tuliusikia kwa wageni. Bwana shamba ndiye aliyetuletea miti ya kupanda, akasema ni muhogo mchungu, haufai kutafunwa mbichi, lakini una faida moja: nguruwe pori hawaugusi. Tulipiga makofi. Jamani, kitu ambacho nguruwe pori amekikataa, sisi tulikipigia makofi!

Ndipo ikaja karatasi yenu. Mbele ilikuwa na picha ya mama anacheka, ameshika ugali mweupe, na chini yake mmeandika kwamba muhogo ni ngao ya njaa. Mwalimu wetu akataka ibandikwe kwenye ukuta wa banda la darasa ili kila mtu aione. Mimi napenda kuwa wa kwanza. Nikachukua gundi ya mgunga, nikapaka nyuma ya karatasi kwa vidole vyangu, pembe hadi pembe. Niliona kuna herufi huko nyuma. Nikadhani wino umepenya, maana wino wenu huwa unapenya, msibishe. Nikabandika, nikapigapiga kwa kiganja mpaka ikashika.

Siku tulipogawiwa muhogo, wenzangu waliniuliza, "Unapikwaje huu?" Nikajibu kama mtu aliyezaliwa shambani mwake. Nikasema unga ni unga. Tukamenya, tukakatakata, tukaanika siku mbili kwenye jua kali, tukasaga kwenye jiwe kama tunavyosaga mtama. Mimi nilimaliza kabla ya wote. Nilipoonja ule unga, uchungu ulinikamata ulimi. Nikajiambia dawa zote ni chungu na mtu hafi kwa dawa, nikasonga ugali.

Mama mkwe wangu, mama yake Yohana, alikaa pale jikoni anaangalia tu. Nilipompakulia alisukuma sahani.

"Mimi sili mizizi," alisema. "Sijawa ngiri."

"Mama, basi utakufa na njaa."

"Bora nife najua nimekula nini."

Nilicheka. Monika hakungoja mtu. Siku tatu alikuwa amekunywa uji mwepesi tu, kwa hiyo alikula kwa mikono miwili, mlenda unamtiririka kidevuni. Akamaliza, akanyoosha sahani. Nikamwongezea. Mimi mwenyewe, mama yake, nilimwongezea.

Sikupata hata muda wa kuosha chungu. Kichwa kilianza kuniuma upande mmoja, kikaenea chote. Mate yakajaa mdomoni. Nikaona mlango umekuwa miwili. Halafu tumbo likakata, nikatapika, nikatapika tena, nikatapika mpaka mkojo ukanitoka bila kujua. Nisameheni kwa maneno haya, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekwisha kuumbuka vya kutosha. Moyo ulikimbia. Pumzi ilikuwa inaishia kooni, haishuki.

Monika alikuwa ameketi karibu na mafiga. Akasema, "Mama, nyumba inazunguka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaanguka ubavu, macho yakageuka meupe, mikono ikawa inatetemeka. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Nikatambaa. Ndugu zangu, kutoka nilipokuwa hadi kwa mtoto ni hatua tatu, na sikufika. Nilinyoosha mkono nikamwona yupo pale, nikashindwa kumgusa.

Mama mkwe alimwaga ugali wote nje, akatoka anapiga mwano: "Msile muhogo! Msile, unaua!" Mzee yule hatembei bila mkongojo, lakini siku hiyo alipita nyumba hadi nyumba. Nyumba nne zilikuwa na chungu motoni, hazijala bado. Haki ya Mungu, nyumba nne, na wote walikuwa wanapika kwa maneno yangu.

Yohana alikuja mbio kutoka shamba la kijiji. Alimfunga Monika mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli kwenda zahanati, upande wa Ikungi. Mimi wanaume wanne walinibeba juu ya kitanda. Njiani nilikuwa natapika maji ya kijani, na kila nilipopata pumzi niliuliza, "Yupo hai?" Hakuna aliyejibu. Walikuwa hawajui, ila mimi nilidhani wananificha.

Mganga wa zahanati ni kijana mmoja Mgogo, mpole. Nilipofika nilikuta amempitishia Monika mpira mdomoni, anamwosha tumbo. Mimi alinichoma sindano, akanitundikia chupa ya maji. Alimwambia Yohana, "Mama huyu atapona. Mtoto sijui. Omba Mungu." Nilisikia. Watu wanadhani mgonjwa hasikii.

Monika hakufumbua macho siku ile. Alifumbua kesho yake saa sita mchana, akaomba maji. Nililia kwa sauti, mganga akanikataza, nikaendelea kulia.

Baadaye yule mganga alikaa karibu na kitanda changu akauliza, "Muhogo mliuloweka siku ngapi?"

"Kuuloweka? Kwani ni dengu?"

"Karatasi ya chakula bora hamkuipata?"

"Tuliipata. Nimeibandika mimi mwenyewe. Haikusema kuloweka."

"Imesema, mama."

"Haikusema!" Nilikasirika, na mimi nikikasirika hata dripu hainizuii. "Mnadhani kwa kuwa tumeanza kusoma juzi, basi hatujui kusoma?"

Aliinuka. Akaenda mezani, akaleta karatasi ileile. Akanionyesha yule mama anayecheka. Halafu akaigeuza.

Nilisoma polepole, silabi kwa silabi, bila mwalimu. Yalikuwa maneno ya kwanza kuyasoma peke yangu nje ya darasa. Yalisema muhogo mchungu una sumu, umenywe, ulowekwe siku tatu hadi nne mpaka ulainike, uoshwe, uanikwe hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Nikatazama vidole vyangu. Onyo lilikuwepo kijijini kwetu wiki nzima, na mimi ndiye niliyelipaka gundi.

Nilitembea na fimbo zaidi ya wiki mbili. Kichwa kilichelewa kupona. Monika alisimama siku ya kumi, akaanguka, akasimama tena. Nilipopata nguvu nilikwenda darasani na maji na kisu, nikaibandua ile karatasi mbele ya wenzangu wote. Ilichanika. Nikawaambia ukweli wote, kwamba nilijifanya najua. Niliona aibu, lakini aibu haiui.

Kwa hiyo nawajibu. Karatasi zenu zimesaidia, kwa kuwa sasa kijiji kizima tunaloweka, na tunakula salama. Lakini jambo la kuua mtu liandikeni mbele, kwa herufi kubwa, na huyo mama anayecheka mpelekeni nyuma. Na ninyi mnaosoma, karatasi yoyote igeuzeni kabla ya kuibandika. Chakula kigeni ulizeni kwa anayekijua, hata kama mnaona haya. Namshukuru yule mganga, nawashukuru wanaume wanne walionibeba. Mama mkwe nilimpigia magoti, akasema, "Inuka, mimi nilikuwa sipendi tu mizizi."

Jambo moja bado, na hili sijui kama karatasi yenu ina dawa yake. Monika sasa ana afya, anakimbia, anagombana na wenzake. Lakini nikimwekea chakula chochote, hata uwele, haanzi. Anakata tonge, ananiwekea mimi mdomoni. Ananitazama nikitafuna, ananitazama nikimeza, kisha anangoja. Juzi nilimwuliza, "Unasubiri nini, mwanangu?"

Akasema, "Nasubiri uanguke."

Basi mimi nakaa wima mbele yake, sisogei, mpaka aanze kula.