Nilimchoresha mwanangu kwa mawese, mama mkwe akanikuta na bukta

Wakuu, habari za Jumapili. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayenifahamu hapa Buzebazeba naomba akae kimya tu.

Nafanya biashara ya dagaa. Muda mwingi niko Ilagala, huko ziwani kufuata mzigo, nyumbani napita kama mgeni. Binti yangu Zuena ana miezi tisa na alikuwa hanitaki kabisa. Nikimbeba tu, kilio mpaka sauti inakauka.

Iliniuma, sifichi.

Juzijuzi waifu akarudi kazini, nikabaki mimi na mtoto. Mama mkwe, ambaye anakaa mtaa wa pili, akatuambia kama mtoto ataendelea kulia hivi, atamchukua akae kwake. Nikaona hapa nampoteza mwanangu.

Nikakutana na video ya watoto wachanga wanaochora kwa vidole. Rangi za dukani niliziogopa, maana Zuena kila kitu anapeleka mdomoni. Nikapika uji mzito wa muhogo, nikauacha upoe. Nusu nikatia mafuta ya mawese upate rangi ya chungwa, nusu nikatia maji ya mchicha uliotwangwa. Nikachana boksi la sabuni, nikalitandaza sebuleni.

Kosa langu: mawese niliyamimina kama naunga migebuka, wale samaki wetu wa ziwani. Hayakauki, wakuu! Boksi likalowa, sakafu ikawa utelezi mtupu, mtoto hawezi hata kukaa. Ikabidi nivue shati, nibaki na bukta, nikae chini nimpakate.

Akatulia.

Anachovya, anapiga boksi paa! Anaangalia alama ya kiganja chake, anacheka. Anachovya tena, ananipaka gotini. Hana habari kabisa kwamba aliyemshika ni mimi.

Mara hodi. Mama mkwe huyo mlangoni.

Mnajua aibu ya mkwe kukukuta kifua wazi? Na kunyanyuka siwezi, nikimwachia mtoto anaangukia kisogo. Nikasalimia huku naangalia ukuta, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Zuena, mawese ndiyo ya kuchezea? Hebu lete mtoto nikamwogeshe." Naye kaangalia pembeni, kanyoosha mikono.

Nikampa. Zuena akageuka, akaninyooshea mikono mimi, akaangua kilio. Bibi akambembeleza, wapi! Akambeba mgongoni, ndiyo kwanza kazidisha. Mwisho akanirudishia, na mtoto akanyamaza palepale.

Mama mkwe akatoka nje. Nikamsikia dirishani, "Haya, kaeni wenyewe. Ila sakafu utapiga deki wewe, siyo mwanangu."

Nilipiga deki huku machozi yananilenga, na wala sikuona aibu.

Nilichojifunza: mawese kijiko cha chai kinatosha. Tandika turubai, na usimwache mtoto peke yake hata kidogo. Kuhusu mchoro, msitegemee maajabu, ni viganja tu na matone.

Wenye wachanga, nyie rangi mnatengeneza kwa kutumia nini? Shusheni hapa, nitasoma baadaye. Zuena kaamka, analia, na mama yake anasema eti ananitaka mimi.