Nilimpa Wazir Nusu ya Sheria

Mwanamume aliyetuharibia kisima alisimama mbele ya watu wa Matondoni akaapa kwamba ile sumu ni kazi ya mikono yake. Tena akitabasamu.

Naitwa Nour, napika mahamri. Maji nilikuwa nachota kisima cha mama, nyuma ya nyumba.

Ng'ambo ya ukuta ni karakana ya injini za boti. Wazir aliiendesha miaka mingi, akaifunga, akaacha mashimo yamejaa oili chafu. Oili ikashuka ardhini. Maji yakanuka, punda wetu akafa, mama akatoka vidonda mikononi.

Nilimfuata. Akanicheka.

"Karakana si yangu, ni ya marehemu ami yangu. Kamuulize kaburini."

Niliondoka. Lakini nilimwekea kinyongo.

Mwaka jana ikaja sheria mpya. Bi Kerubo, afisa wa mazingira aliyetoka bara, alinieleza akila mahamri yangu: atakayesafisha ardhi iliyoharibiwa na viwanda atapewa aitumie upya, bila kodi. Ila aliyeichafua hana chake. Huyo anasafisha kwa pesa zake, kisha ardhi anapewa mwingine.

Nikachukua ile nusu ya kwanza, nikawa naigawa pamoja na mahamri. Kila mteja nilimwambia nimeshaiomba karakana. Uongo mtupu.

Habari zikamfikia Wazir, akaingia boksi mzima mzima. Siku Bi Kerubo alipoitisha mkutano wa kijiji kuhusu karakana, alikuja na kanzu ya Idi.

"Nour ni mwongo," alisema. "Nti hini ni yangu. Mashimo ya oili nimetimba mwenyewe, ami hakugusa hata jembe. Nna mashahidi."

Mashahidi wake wakaitikia kwamba walimwona.

Bi Kerubo akanigeukia. "Kutimba ndiyo nini?"

Moyo ulinidunda kwa raha. "Kuchimba, Bi Kerubo. Anasema ardhi hii ni yake, na mashimo alichimba mwenyewe."

"Na oili alimwaga nani?"

"Mimi," Wazir akadakia. "Nani mwingine angethubutu kuingia kwangu?"

Bi Kerubo akaandika, kisha akamsomea ile nusu ya pili. Nilitazama tabasamu likimtoka taratibu. Sikumhurumia hata kidogo.

Sasa anauchimbua udongo wake, na mpaka kisima kitakaposafika ameamriwa atuletee maji. Juzi alibisha hodi na madumu. Mama akamkaribisha vizuri, akateka maji ya kisima chetu, akamtilia kwenye gilasi.

"Karibu mai, Bwana Wazir."

Aliiangalia ile gilasi, akainamisha uso. Mama hakuiondoa mpaka mgeni alipoaga.

Na lile ombi nililodanganya kuwa nimeliandika? Siku ileile ya mkutano niliandika la kweli. Bi Kerubo amelipokea, na jina ni langu peke yangu.

Ndugu msomaji, mtu akiukana uchafu wake usipoteze sauti kugombana naye. Mwambie uchafu huo una faida, atakuja mbio kuudai.