Siku Nilipotaka Kumshtaki Daktari Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nikifika kijijini kwetu Kiirua na kitita cha miraa kwapani, nimevaa koti langu la harusi, nimekasirika mpaka nasema peke yangu njiani. Nilikuwa nakwenda kumshtaki mke wangu kwa wazee. Ndiyo, mama yako. Usicheke bado.

Tangu uliponipigia simu jana kuniambia kwamba mkeo ameanza mwaka wake wa kwanza wa udaktari huko Embu, sijatulia. Daktari mwingine katika nyumba hii! Nimemwambia mchungaji, nimewaambia wanaochuna majani ya chai, nimemwambia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Lakini nilisikia pia sauti yako ilivyoshuka uliposema, "Baba, simuoni kabisa." Hapo nikakaa chini. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa ubaya kuliko wewe, na kwa sababu ya maneno hayo nilikaribia kuharibu maisha yangu yote. Basi nipe masikio.

Tulikuwa hatujamaliza mwaka mmoja wa ndoa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tumepanga vyumba viwili pale Kinoru. Mama yako, Wanja wa watu wa Gachoka, alikuwa ndiyo ameingia hospitalini kwa mwaka wake wa kwanza wa udaktari. Alikuwa anatoka kabla sijaamka, na siku nyingine harudi kabisa mpaka kesho yake, yuko zamu. Akirudi, namsemesha, ananijibu "mm". Nilihisi nimeoa kitanda kilichotandikwa vizuri. Na nikwambie ukweli ninaouonea aibu mpaka leo: kila siku nilimuuliza atarudi saa ngapi, lakini sikumuuliza hata mara moja ameshindaje.

Kisha ikaja Jumapili moja. Nyanya yako alikuja na akina mama wa kanisa kumwona mke wa mwanawe. Unajua kwetu wageni wa namna hiyo humiminiwa chai na mke wa nyumba mwenyewe, si mtu mwingine. Wanja alikuwa ametoka zamu ya siku nzima na usiku wake. Akavaa leso yake, akasalimia wote vizuri, akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa cha nyanya yako. Mwanangu, alisinzia amesimama! Birika mkononi, macho ameyafumba, chai inafurika mpaka kwenye sketi ya mama yangu. Akina mama walicheka kidogo. Nyanya yako aliikamua sketi yake taratibu, na wewe ulimjua nyanya yako, utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Niliona nimevuliwa nguo mbele ya watu. Wiki nzima sikumsemesha Wanja, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kama ametambua. Ilipofika Jumamosi nikanunua miraa nzuri, ile ya kufungwa kwa majani ya mgomba, tunayopeleka kuposa msichana au kuwaita wazee wasikilize shauri. Wazee wakiifungua na kuitafuna, shauri limeanza, na anayeshtakiwa lazima aje asimame mbele yao. Nilitaka wamwambie achague, koti jeupe au nyumba yangu. Nilimjua Wanja. Angechagua koti, nami nilijua hivyo, na bado nikaenda. Kijana akiumia hufanya mambo ya ajabu.

Baba mdogo M'Ikiara, aliyenisimamia posa, nilimkuta akikamua ng'ombe. Nikamweleza mashtaka yangu yote nikiwa nimesimama kwenye samadi na viatu vya harusi. Hakuacha kukamua.

"Amekutukana?"

"Hapana, baba mdogo."

"Kuna mwanaume mwingine?"

"Hapana."

"Sasa mimi niite wazee watoke huko kote, niwaambie nini? Ati bibi ya Kirimi amelala?"

Akamaliza kukamua, akakichukua kile kitita, akakinusa, akakiweka juu ya rafu bila kukifungua.

"Hii itakaa mbichi mpaka kesho jioni," akasema. "Baada ya hapo ni chakula ya mbuzi. Wewe toka hapa, enda ukae kwa hiyo hospitali mpaka umwone akifanya kazi. Ukirudi bado uko na hasira, naifungua mbele yako."

Nikaenda siku ile ile, na hasira yangu yote. Nikaketi kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mikono nimefunga kifuani kama mkaguzi wa shule. Nikamwona Wanja akipita mbio. Akapita tena mbio, anarudi alikotoka. Hakuniona. Mara anashika mkono wa mama mwenye uchungu, mara anaandika amesimama, mara anaitwa huku na kule kwa wakati mmoja. Saa zikaenda. Sikumwona ameketi, sikumwona amekula. Mara mlango ukafunguka kwa kishindo, kitanda kinasukumwa, Wanja anakimbia kando yake amemwekea mama mjamzito aliyelala juu yake mkono tumboni, anamwongelesha kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Pembeni yangu mwanamke mmoja mzee alianza kuomba kwa sauti. Alikuwa mama wa yule mgonjwa.

Hata mimi nikaanza kuomba! Nilikuwa nimekuja kukusanya ushahidi, na sasa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua, tunaomba pamoja. Muda ule ulikuwa mrefu. Kisha tukasikia mtoto akilia, na yule mama mzee akaruka juu na kupiga vigelegele mpaka walinzi wakaja. Nami nilipiga makofi, mwanangu, nilipiga makofi kama nimefunga bao pale uwanja wa Kinoru.

Alipotulia akaniuliza, "Na wewe unangoja nani? Bibi yako amezaa?"

"Bibi yangu ndiye yule daktari."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Huyo kadogo? Ati ni wewe bwana yake? Na unampikianga nini? Huyo msichana hakulangi. Tangu jana naona tu maji."

Swali hilo lilinipata. Nilikuwa nimejua kuhesabu chakula chake kilichopoa mezani, lakini halikunijia hata siku moja wazo la kukibeba na kumpelekea.

Ndipo Wanja akatoka. Jasho limemkaukia usoni, kofia imekaa upande. Akaniona kwenye benchi, akasimama ghafla, akashika ukuta.

"Kirimi," akasema. "Nani amekufa?"

Fikiria, mwanangu. Mke wangu ananiona kazini kwake, na jambo la pekee linalomjia kichwani ni msiba. Sikuwa nimemzoesha lingine. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kisha nikamweleza yote, miraa, koti, baba mdogo, mashtaka. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wameifungua?"

"Bado."

Akaketi kando yangu. "Niko na dakika kumi. Kama ni kunishtaki, nishtaki mwenyewe, hapa hapa."

Nikafungua kinywa. Maneno niliyoyapanga wiki nzima yalikuwa hayapo. Kilichotoka ni kimoja tu: "Naona upweke, Wanja."

"Hata mimi," akasema.

Akaegemeza kichwa begani mwangu, na kabla sijajibu alikuwa amelala. Dakika zake kumi zote alilala, nami sikuthubutu kutikisika. Yule mama mzee alisimama mbele yetu akiwanyamazisha wapita njia kwa kidole. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya kijinga kabisa, furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi.

Miraa yangu waliila mbuzi wa baba mdogo. Mimi niliomba nakala ya zamu zake, nikaibandika ukutani, nikapanga maisha yangu kwa kuifuata. Siku ya githeri nilibeba githeri, mahindi na maharagwe yake, siku ya nduma nilibeba nduma za kuchemsha, na walinzi wakanizoea. Nyanya yako nilimweleza mwenyewe, na alipokuja tena alijimiminia chai bila kuambiwa. Mwaka haukuwa mwepesi. Tulikosana bado, na kuna siku nilikula peke yangu nikasononeka. Lakini sikuwahi tena kudhani kwamba uchovu wake ni dharau.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimngoje mkeo awe na wakati. Nenda mahali wakati wake ulipo, hata kama ni benchi. Beba chakula. Akilala katikati ya maneno yako, mfunike, maneno hayataoza. Upweke wako umwambie yeye mwenyewe ungali mdogo, usiupeleke kwa wazee wala kwa rafiki zako ukiwa umegeuka hasira. Na ndugu zetu wakianza kumsema, jibu wewe kabla yeye hajasikia.

Mungu aishike mikono ya mkeo inayopokea watoto wa watu, aishike na yako inayomngojea. Awape kicheko nyumbani hata siku za uchovu. Mimi baba yako nakubariki, wewe ambaye hungezaliwa kama Jumamosi ile ningerudi Kiirua na hasira zangu.